Chumba cha Mwanafunzi na Kodi ya Miezi Sita

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba, mitaa inayovizunguka vyuo vikuu vya Tanzania hupokea maelfu ya vijana wanaotafuta vyumba vya kupanga. Kwa wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ni Changanyikeni, Msewe, Makongo na Savei. Kwa wale wa Chuo Kikuu cha Dodoma ni Ng'ong'ona na Makulu. Kwa wale wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Mwanza, ni Malimbe na Nyamalango. Na kwa wale wa Mzumbe ni Changarawe. Mjadala unaoambatana na msimu huo haubadiliki: mabweni hayatoshi na kodi za mitaani zimepanda. Yote mawili ni kweli, lakini kwa maoni yangu hayafiki kwenye kiini. Mwanafunzi hushindwa na jinsi kodi inavyodaiwa, na wiki inayodaiwa, kabla hata ya kushindwa na kiwango chake. Desturi ya kulipa miezi sita kwa mkupuo mmoja, katika siku ambazo fedha ya mkopo ama haijaingia au imeingia kwa baadhi tu, ndiyo inayomsukuma kwenye chumba kibaya, kwenye mikono ya dalali asiye mwaminifu, au kwenye kitanda cha mwenzake. Desturi hiyo inaweza kubadilishwa bila kusubiri ghorofa jipya hata moja.

Inafaa kukumbuka jinsi tulivyofika hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilipohamia Mlimani mwaka 1964 kilijengwa kwa fikra kwamba mwanafunzi analala palepale anaposoma na kwamba serikali ndiyo inayobeba gharama zake. Fikra hiyo ilidumu katika mazungumzo yetu hata baada ya nguzo zake kuondoka: uchangiaji wa gharama ulikuja katika miaka ya 1990, sekondari za kata zikaenea baada ya mwaka 2004, vyuo vikapanua udahili, na vitanda vikabaki nyuma. Hosteli ya Mabibo ilipunguza tatizo, na hosteli zilizofunguliwa Mlimani Aprili 2017, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, zilipunguza pia. Hata hivyo kila aliyesoma pale anajua kubebana ni nini, wanafunzi wawili wakilala kitanda alichopangiwa mmoja, kinyume cha kanuni za bweni. Wanaobebana si wakaidi. Wengi wao ni watu waliokwenda mtaani, wakaulizwa kodi ya nusu mwaka, wakarudi. Kwa kuwa vyuo kwa kawaida hutanguliza mwaka wa kwanza na wenye ulemavu, wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu huachwa wajitafutie wenyewe. Mtaa umekuwa bweni kubwa kuliko yote, na hakuna ofisi iliyokabidhiwa kuliangalia.

Tufanye hesabu, kwa kuwa hoja yote inasimama hapo. Posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku mwaka 2022. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi wote huiita bumu, hulipwa kwa mafungu, na fungu moja hukadiriwa kwa siku zipatazo 60. Mwanafunzi anayepata posho kamili anapokea basi shilingi 600,000 kwa fungu, na kwa mafungu manne ya mwaka wa masomo anapokea shilingi 2,400,000. Tuchukue sasa chumba kimoja cha kawaida cha shilingi 70,000 kwa mwezi, choo na bafu vikiwa vya kuchangia. Kwa miezi 12 kodi yake ni shilingi 840,000, yaani asilimia 35 ya posho ya mwaka mzima. Kiasi hicho ni kizito, lakini kinabebeka, hasa wanafunzi wawili wakigawana. Mtu anayeangalia hesabu ya mwaka peke yake anaweza kusema kwamba mwanafunzi analalamika bila sababu.

Hesabu ya mwaka, hata hivyo, haipo katika maisha ya mwanafunzi. Iliyopo ni hesabu ya Novemba. Mwenye nyumba anataka miezi sita, ambayo ni shilingi 420,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, shilingi 70,000 nyingine. Jumla inafika shilingi 490,000, na katika fungu la kwanza la bumu zinabaki shilingi 110,000 za kuishi siku 60. Hiyo ni shilingi 1,833 kwa siku, kabla ya godoro, ndoo, jiko, nauli ya daladala na kurudufu makabrasha ya somo. Kama angelipa kila mwezi, akaweka na amana ya mwezi mmoja, fungu lilelile la kwanza lingebaki na shilingi 390,000 baada ya miezi miwili, ambazo ni shilingi 6,500 kwa siku. Chumba ni kilekile, kodi ni ileile, posho ni ileile. Kilichobadilika ni ratiba ya malipo na kuondoka kwa dalali, na mabadiliko hayo yanampa mwanafunzi zaidi ya mara tatu ya fedha ya kula katika wiki ambazo anazihitaji kuliko zote.

Hapo bado nimemchukua mwanafunzi aliyebahatika. Orodha za waliopangiwa mikopo hutoka kwa awamu, na baada ya orodha kuna usajili, uthibitisho wa chuo na uhamishaji wa fedha kwenda benki. Kijana anaweza kuwa darasani kwa wiki kadhaa bumu halijamfikia, ilhali mwenye nyumba hakubali kusubiri kwa sababu wengine wanagonga mlango. Asiye na mkopo anategemea nyumbani, na fedha ya nyumbani ina kalenda yake: mzazi wa Mtwara au Lindi anasubiri minada ya korosho, ambayo huanza Oktoba na kuendelea kwa wiki nyingi, na mkulima wa mahindi wa Songea huenda alishauza kwa bei ya msimu mwezi Agosti na kutumia fedha kwenye mbolea. Aidha, mwaka wa masomo haufiki miezi 12. Anayelipa miezi sita mara mbili analipia pia likizo ndefu, wakati ambapo posho imesimama na chumba kimefungwa kwa kufuli.

Ni rahisi kumgeuza mwenye nyumba kuwa mtu mbaya wa habari hii, na sitafanya hivyo. Sehemu kubwa ya vyumba ambavyo wanafunzi wanapanga vimejengwa na watu binafsi kidogo kidogo: kiwanja mwaka huu, msingi mwaka ujao, bati baada ya kiinua mgongo. Mikopo ya nyumba ya benki nchini ni michache na riba yake ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kati, kwa hiyo mama mwenye nyumba aliyejenga vyumba sita Msewe hana pengine pa kupata shilingi milioni mbili kwa pamoja isipokuwa kwa wapangaji wake. Kodi ya mkupuo ndiyo inayomalizia uzio, inayochimba kisima na inayolipa ada ya shule ya Januari. Anajua pia kwamba mwanafunzi anaweza kuondoka usiku na kuacha deni, kwamba hatamfuata Kigoma kudai shilingi 70,000, na kwamba hakuna mtu wa tatu atakayemdhamini. Anapodai miezi sita anafidia hatari hiyo kwa njia pekee aliyo nayo.

Lakini tukishamwelewa, tulitazame jambo lenyewe kwa jina lake. Kodi iliyolipwa miezi sita kabla ya matumizi ni mkopo usio na riba ambao mpangaji anampa mwenye nyumba. Na mwanafunzi wa bumu hana fedha yake ya kukopesha. Amekopa serikalini, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Kwa hiyo fedha ya umma iliyotengwa ili kijana ale na alale siku 60 inatumika kugharamia ujenzi wa nyumba za watu binafsi, huku kijana huyo akipunguza milo. Sioni kwamba kuna mtu aliyepanga iwe hivyo. Imetokea kwa sababu taasisi mbili, bodi inayotoa mkopo na chuo kinachodahili, hazikukaa pamoja kuuliza fedha ya malazi itafikaje mahali panapoitwa malazi, na pengo likajazwa na desturi ya soko.

Kwamba ni desturi tu, na hakuna sheria ya uchumi inayoilazimisha, tunaona kwa kuvuka mpaka. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta anayepanga Juja, au wa Chuo Kikuu cha Kenyatta anayepanga Kahawa Wendani, kwa kawaida hulipa kodi mwezi hadi mwezi, akitanguliza amana ya mwezi mmoja anapoingia. Majengo mengi pale ni ya ghorofa, yana msimamizi anayeishi hapohapo, na kodi hutumwa kwa simu. Wanafunzi wa Kenya wana manung'uniko yao, ya bei, ya maji na ya amana zisizorudishwa, na yanastahili makala ya peke yake. Lakini hawaanzi muhula kwa kumkopesha mwenye nyumba nusu mwaka, na wenye nyumba wa Juja hawajaacha kujenga kwa sababu hiyo.

Upungufu wa muda na wa fedha ndio unaompa dalali nguvu. Dalali mwaminifu anafanya kazi halali: anajua nani amehama, anajua mwenye nyumba yupi hataki wavulana na yupi hataki wapishi wa usiku, na anaokoa siku nyingi za kuzunguka kwenye jua. Tatizo linaanza pale mwanafunzi anapokuwa na siku tatu tu za kupata chumba kabla vipindi havijaanza. Hapo hulipishwa fedha ya kuonyeshwa kwa kila nyumba hata asipoipenda, huambiwa kwamba chumba kina watu watatu wanaokigombea, na hutakiwa kutuma kianzio kwa simu ili kishikiliwe. Picha zinazosambazwa kwenye simu huwa za chumba kingine, au za chumba hicho kabla ya mpangaji wa mwisho kukiharibu. Chumba kimoja huweza kuchukuliwa kianzio na watu wawili. Wanafunzi huambiwa wawe makini, na ushauri huo ni sahihi, lakini umakini unahitaji muda, na muda ndio ambao mfumo umewanyima. Anayedahiliwa katika awamu ya mwisho anafika mjini wakati wenzake wameshachukua vyumba vyote vinavyofikika kwa miguu.

Na umakini wenyewe una mambo yake, ambayo mgeni wa jiji hawezi kuyajua kwa kuangalia dari na rangi. La kwanza ni umeme. Nyumba yenye vyumba vinane na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni nyumba ya ugomvi wa kila wiki, kwa sababu mwenye jokofu na mwenye balbu moja watatakiwa kuchanga sawa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo, ile inayokwenda serikalini, nayo hukatwa kupitia LUKU. Ilipoanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayeilipa kwa mkono ni anayenunua umeme, na ni haki ya mpangaji kukubaliana na mwenye nyumba tangu siku ya kwanza jinsi atakavyorudishiwa. La pili ni maji: kama ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, au ya kisima, kama kuna tangi, na nani anaendesha pampu. La tatu, ambalo huwaumiza wengi, ni mvua. Chumba hutafutwa kati ya Oktoba na Novemba, mvua za vuli zikiwa bado ndogo au hazijaanza, na masika huja kuanzia Machi. Nyumba iliyo bondeni Ubungo au Mabibo, ikiwa kavu na nafuu siku ya kuonyeshwa, inaweza kuingiwa na maji Aprili, wakati kodi ya awamu ya pili imeshalipwa. Alama ya tope ukutani inaeleza zaidi kuliko dalali, na jirani aliyekaa pale miaka mitatu anaeleza zaidi kuliko alama hiyo. Nasisitiza kumuuliza jirani, tena bila dalali kuwepo.

Umbali ni jambo ambalo hesabu za kodi hulificha. Kadiri chumba kinavyokuwa mbali na chuo ndivyo kodi inavyopungua, na mwanafunzi aliyebanwa na mkupuo husogea nje zaidi: kutoka Changanyikeni hadi Goba, kutoka Savei hadi Kimara na kupita. Anachookoa kwenye kodi hukirudisha kwenye nauli, na kisichorudi ni saa zake. Mwaka 2018 Mlimani ilifunguliwa maktaba mpya kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China, nayo ni fahari ya haki. Lakini msichana anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi, ambako daladala huadimika baada ya saa mbili usiku, hawezi kuitumia maktaba hiyo saa ambazo inafaa zaidi. Anaondoka saa kumi na mbili ili apate gari kabla giza halijaingia, na mwenzake wa bwenini anabaki na kitabu. Tukilinganisha matokeo yao mwisho wa muhula tunadhani tunapima akili na bidii.

Kuhusu usalama, tuna somo ambalo hatukupaswa kulisahau. Januari 2013 wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, waliokuwa wamepanga Kigamboni waliandamana kudai ulinzi baada ya kuvamiwa, kuporwa na baadhi yao kudhalilishwa kijinsia katika makazi yao. Chuo chao kipo katikati ya jiji, ambako chumba cha mwanafunzi hakipatikani, na Kigamboni ya wakati ule, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2016, ilikuwa nafuu kwa sababu ilitenganishwa na jiji kwa kivuko. Vijana hao hawakwenda pale kwa uzembe. Walifuata kodi wanayoiweza. Baada ya tukio kama hilo, macho yote hugeukia polisi, na ni sawa. Lakini swali lililopaswa kubaki mezani ni kwa nini chuo hakijui wanafunzi wake wanalala wapi. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi katika vyuo vingi inaweza kutaja kila aliye kwenye chumba cha bweni. Kuhusu waliopanga mtaani, ambao huenda ni wengi zaidi, ina namba ya simu tu.

Sheria nayo inasaidia kidogo kuliko tunavyodhani. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi na idadi ya miezi ya kutanguliza ni mambo ya makubaliano ya pande mbili. Suala la kuzuia kodi ya miezi sita au ya mwaka limezungumzwa na viongozi zaidi ya mara moja, ndani ya Bunge na nje yake, na wapangaji wamelisikia hadi wamechoka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji na inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji atumie chumba chake kwa amani bila kuingiliwa isivyo halali, jambo ambalo wengi wa wanaofungiwa milango au kukatiwa umeme hawalijui. Lakini haki ambayo gharama ya kuidai inazidi thamani yake ni haki ya kwenye karatasi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata linabaki na usuluhishi tu, na shauri lisiposuluhishwa huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwanafunzi aliyedhulumiwa kodi ya mwezi mmoja hataacha mitihani kufuatilia shauri huko, na mwenye nyumba anajua hivyo.

Sipendekezi kurudisha bei elekezi za kodi. Katika soko lenye upungufu, bei iliyowekwa na ofisi hufuatwa kwenye risiti na tofauti hulipwa pembeni, na anayeumia ni mgeni asiyejua pa kuipeleka hiyo tofauti. Ninachopendekeza ni kuondoa sababu inayomfanya mwenye nyumba adai miezi sita, na mtu pekee anayeweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo ni chuo.

Chuo kina kitu ambacho mwenye nyumba hana: mwanafunzi hawezi kukitoroka. Kabla ya kupewa cheti, kila mhitimu hupita kwenye fomu ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, ikisainiwa na maktaba, idara, uhasibu na bweni. Ongeza mstari mmoja katika fomu hiyo kwa ajili ya nyumba zilizosajiliwa na chuo. Mwenye nyumba anayekubali kusajili vyumba vyake, kukaguliwa na kutumia mkataba wa mfano, anapata ahadi kwamba deni la mpangaji wake, lisilozidi kodi ya mwezi mmoja, litamsubiri mpangaji huyo mlangoni pa chuo. Kwa upande wake anakubali kupokea kodi kwa mwezi au, kwa kuanzia, kwa miezi miwili inayolingana na fungu la bumu, pamoja na amana ya mwezi mmoja inayorudishwa. Ukomo wa mwezi mmoja ni wa lazima, kwa sababu bila huo wapo watakaodai rangi ya nyumba nzima kutoka kwa kijana anayesubiri cheti ili aombe kazi.

Bodi ya Mikopo ina sehemu yake. Ada ya masomo hulipwa na Bodi moja kwa moja kwa chuo, bila kupita mikononi mwa mwanafunzi, kwa hiyo njia ya kumlipa mtu wa tatu ipo na imezoeleka. Mwanafunzi anayetaka, na nasema anayetaka kwa sababu wengine wanaishi kwa ndugu na wengine wanajua kupatana kuliko ofisi yoyote, aweze kuelekeza sehemu ya posho yake kwenye kodi ya nyumba iliyosajiliwa, ilipwe kila fungu linapotoka. Wapo watakaohofia kwamba wenye nyumba wakijua fedha inatoka serikalini watapandisha bei hadi ukingoni. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu orodha ya nyumba na kodi zake inapaswa kubandikwa wazi, kila mwaka, kila mtu aione Changanyikeni inatoza nini na Msewe inatoza nini. Leo bei hizo ziko kichwani mwa dalali peke yake.

Ofisi ya serikali ya mtaa haihitaji kuundwa upya. Mikataba mingi ya upangaji hupelekwa pale kugongwa mhuri, na mwenyekiti wa mtaa anamjua mwenye nyumba, baba yake, na shauri la mpaka wa kiwanja lililomalizika mwaka juzi. Kinachokosekana ni nakala ya tatu. Mkataba wa mwanafunzi uwe na nakala ya mwenye nyumba, ya mpangaji na ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ukitaja mita ya umeme ni ya nani, kodi ya majengo inarudishwaje, notisi ni ya muda gani kwa kila upande, na hali ya chumba siku ya kuingia. Ugomvi ukizuka, mwenyekiti na mshauri wa wanafunzi wakae na pande mbili ndani ya wiki. Wengi watapatana hapo, kwa kuwa hakuna mwenye nyumba anayetaka kufutwa kwenye orodha inayomletea wapangaji kila Oktoba bila kumlipa dalali.

Mtu anaweza kusema kwamba vyuo vina kazi ya kufundisha na havipaswi kuwa mawakala wa nyumba. Nakubali kwamba kazi hii itahitaji watumishi, gari na uvumilivu, na kwamba mwaka wa kwanza zitasajiliwa nyumba chache. Lakini vyuo vimeshafanya uamuzi wa kudahili wanafunzi wengi kuliko vitanda vyao, na uamuzi huo ulikuwa na manufaa kwa nchi. Kinachofuata ni kubeba sehemu ya matokeo yake. Jengo la bweni huhitaji mabilioni ya shilingi na miaka. Daftari la nyumba huhitaji maofisa wachache wanaoanza kuzunguka mitaani mwezi Juni, wanafunzi wengi wakiwa wanajiandaa kuhama na wenye nyumba wakiwa na vyumba vitakavyokaa vitupu hadi Oktoba.

Mahali pa kuanzia, kama ningeulizwa, ni Malimbe au Changarawe, kabla ya Dar es Salaam. Dar es Salaam mwanafunzi anashindania chumba na kila mfanyakazi wa jiji, na mwenye nyumba anaweza kumkataa bila kupoteza kitu. Malimbe na Changarawe zinaishi kwa chuo: duka la vifaa vya ofisi, mama ntilie, fundi wa viatu na mwenye vyumba kumi wote wanahesabu mwaka wao kwa mihula. Pale mwenye nyumba anahitaji wapangaji wa chuo kama wao wanavyomhitaji, anakaa likizo ndefu na vyumba vitupu, na mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwaita wote kwenye mkutano mmoja wa Jumamosi. Hoja mbili zipelekwe kwenye mkutano huo: kodi ilipwe kwa fungu la bumu, na miezi ya likizo ilipwe nusu kwa mwanafunzi atakayesaini kurudi. Kwa mwenye vyumba kumi ambavyo leo vinalala vitupu kuanzia Agosti, nusu kodi iliyo na uhakika ni fedha mpya, na nadhani atasaini kabla ya jirani yake.